Mwanangu Ameona Damu, Sasa Kila Usiku Ananiuliza Kama Nimeumia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 9, na kitindamimba wangu, binti wa miaka 7. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni na sijui nianzie wapi.

Wiki mbili zilizopita kitindamimba aliingia chooni bila kubisha hodi akanikuta nabadilisha pedi. Aliona damu. Alisimama pale mlangoni macho yamemtoka, akaniuliza, "Mama, nani kakuumiza?" Nilimjibu kwamba sijaumia, atoke kwanza, nitamweleza. Akatoka. Ila tangu siku hiyo, kila nikimfunika shuka usiku ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mama, leo damu imetoka tena?" Nikimwambia hapana, analala. Juzi dada yake alimfokea, akamwambia aache kuulizauliza mambo ya aibu. Mtoto akalia.

Huyo dada yake ndiye anayenipa mawazo zaidi. Matiti yalianza kumchomoza mwaka jana. Tangu hapo anavaa sweta hata jua likiwaka, na kila nikianzisha mazungumzo ananikatiza: "Mama, najua. Mwalimu alishatufundisha." Nilimwuliza mwalimu aliwafundisha nini. Akasema, "Alichora mchoro ubaoni," akachukua daftari lake akaondoka.

Nilimwomba ushauri dada yangu mkubwa. Yeye anasema mdogo nisimwambie kitu, nitamfungua macho kabla ya wakati wake. Nimwambie nilijikata, atasahau. Mkubwa nisubiri avunje ungo, halafu nimpe neno moja tu: kuanzia leo ukicheza na wavulana utapata mimba. Ndivyo mama yetu alivyotuambia sisi, na hakuongeza kitu. Nakumbuka niliambiwa hivyo nikiwa nimeshika nguo iliyochafuka mkononi, na kwa miezi mingi niliogopa hata kukaa benchi moja na mvulana darasani.

Baba yao ni mtu mwema na anawapenda wanawe, lakini tangazo la pedi likitokea kwenye televisheni anabadilisha chaneli haraka.

Kuna lingine. Hedhi yangu mimi ina maumivu makali. Siku ya kwanza na ya pili nalala nimejikunja, mara nyingine natapika. Wanangu wananiona. Nitawaambiaje wasiogope wakati mwili wangu unawaonyesha kinyume? Nikisema haiumi nitakuwa nimewadanganya. Nikisema inauma, mtoto gani atataka kukua?

Nisaidie, Shangazi. Mdogo nimwambie nini, mkubwa nimwambie nini, na kijana wangu nimfiche au naye asikie?

Mama wa watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mdogo, maana huyo anateseka usiku wa leo. Kwa mtoto wa miaka 7, damu ina maana moja tu: mtu ameumia. Ameanguka, amejikata, ameng'atwa. Hajawahi kuona damu inayotoka kwa mtu mzima wa afya bila kidonda. Sasa yeye ameiona kwa mama yake, na kila mwezi anamwona mama huyohuyo amelala amejikunja anatapika. Akili yake imeyaunganisha hayo mawili. Anapokuuliza kwa sauti ya chini kama damu imetoka tena, anataka kujua kama utakufa. Huo si udadisi wa mambo ya wakubwa, na kumwambia ulijikata hakutamtuliza hata kidogo, kwa sababu kutathibitisha kile anachokiogopa: kwamba una kidonda, na kwamba kinarudi.

Mwambie ukweli, tena usisubiri aulize. Mwite mchana, si usiku anapoelekea kulala, ukae naye mahali palipotulia. Sema hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Unakumbuka uliona damu? Mama hakuumia. Ndani ya tumbo la kila mwanamke kuna mfuko unaoitwa mfuko wa uzazi. Ndimo ulimokaa wewe kabla hujazaliwa. Kila mwezi mfuko huo unajiandaa, unajiwekea utando laini wenye damu ndani yake. Kama hakuna mtoto atakayekaa humo, ule utando hauhitajiki, unatoka. Unatokea ukeni, kidogokidogo, kwa siku chache, halafu unakoma. Inaitwa hedhi. Pedi ni ya kuipokea ile damu isichafue nguo."

Halafu nyamaza. Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu: tukishapata ujasiri wa kuanza tunamwaga yote kwa pumzi moja. Mwache ayatafune. Pengine atauliza, "Na mimi?" Mjibu kwamba ndiyo, akikua, bado miaka kadhaa, na kabla haijaanza utamweleza tena vizuri zaidi. Pengine atauliza kama inauma. Nitalirudia hilo. Pengine atasema "sawa" akakimbilia kucheza, na usiku huo hatakuuliza kitu. Akikuuliza tena kesho au mwezi ujao, mjibu tena bila kuchoka. Watoto huuliza swali moja mara nyingi kwa sababu kila mara wanalielewa kwa kina kidogo zaidi.

Tena mruhusu aishike pedi mpya, aifungue, aione ilivyo. Kitu alichokishika kwa mkono wake hakimtishi tena.

Dada yako namheshimu, na najua anasema kwa kuwajali wanao. Lakini angalia maneno niliyokuandikia hapo juu: hakuna mahali yanapogusa habari za mwanamume na mwanamke kitandani. Habari hizo zina umri wake. Hedhi inaweza kuelezwa peke yake kikamilifu, kama tunavyoeleza kwa nini meno ya utotoni yanang'oka. Kinachomfungua mtoto macho kabla ya wakati ni kuachwa na swali, akaenda kulitafutia jibu kwa mwenzake au kwenye simu ya mtu. Na nikukumbushe kwamba wapo wasichana wanaovunja ungo wakiwa na miaka 9. Binti yako mdogo ana 7. Wakati wake hauko mbali kama unavyofikiri.

Sasa tuje kwa mkubwa. Wasichana wengi huanza hedhi kati ya miaka 12 na 13, lakini kuanza popote kati ya miaka 9 na 15 ni kawaida. Mwili hutoa ishara kabla. Ya kwanza kwa kawaida ni matiti, na hedhi hufuata baada ya miaka 2 au zaidi kidogo. Wake yalianza mwaka jana, kwa hiyo hesabu mwenyewe: inaweza kuwa mwaka ujao, inaweza kuwa mapema zaidi. Ishara nyingine iliyo karibu zaidi ni ute mweupe au wa rangi ya maziwa unaoonekana kwenye chupi, mara nyingi miezi 6 hadi 12 kabla ya damu yenyewe. Wasichana wengi wakiuona wanadhani wameambukizwa ugonjwa, wanafua chupi zao kwa siri. Mwambie kuhusu huo ute wiki hii. Mwambie kwamba usipowasha wala kunuka vibaya ni mzima kabisa, ni mwili unajiandaa. Na kuhusu hilo sweta: mwambie kwamba titi moja huweza kuanza kabla ya jingine, kwamba huuma likigongwa, na kwamba vyote viwili ni kawaida. Mtafutie sidiria laini ya kuanzia au fulana ya ndani inayombana kidogo, umwekee kabatini bila hotuba. Anajificha kwa sababu mwili wake umeanza kuonekana na watu kabla yeye mwenyewe hajauzoea.

Usimkalishe kwenye kiti ukakaa mbele yake. Mtoto wa umri huo akitazamwa usoni anajifunga. Zungumza naye mikono yenu ikiwa na kazi, mkikunja nguo, mkitembea njiani, mkiosha vyombo, macho yenu yakiwa kwenye kazi. Akisema "najua," usibishane naye. Mwambie, "Najua unajua. Mwalimu amekufundisha jinsi mwili unavyofanya kazi. Mimi nataka kukwambia inavyokuwa siku yenyewe." Mchoro wa ubaoni unaonyesha mfuko wa uzazi, mirija na ovari zenye mayai. Hauonyeshi kile msichana anachokitaka kweli: nitajuaje kama imeanza? Itakuwa nyingi kiasi gani? Watu wataona? Nitanuka? Naweza kukimbia, kuogelea, kuruka kamba? Mwalimu mwenye darasa zima hawezi kuyamaliza hayo, wala mtoto hawezi kuyauliza wenzake wakisikia.

Mwambie kwamba hedhi ya kwanza mara nyingi haiji kwa kishindo. Huenda akaona doa la kahawia kwenye chupi akadhani ni uchafu. Damu iliyokaa kidogo kabla ya kutoka hugeuka rangi ya kahawia, hata karibu na nyeusi, na huwa hivyo siku za mwanzo na za mwisho. Katikati huwa nyekundu. Vipande vidogovidogo vilivyoganda navyo ni kawaida, asishtuke.

Kuhusu wingi, fanya naye hivi. Chukua pedi mpya, kikombe cha maji na kijiko kikubwa cha mezani, kile kinachochukua mililita 15 hivi. Mwambie ateke vijiko viwili, kisha nusu ya kijiko cha tatu, avimimine polepole juu ya pedi. Hicho ndicho kiasi cha damu ambacho wanawake wengi hupoteza kwa hedhi nzima, mililita 30 hadi 40, si kwa siku moja bali kwa siku zote za mwezi huo. Mwache aguse juu ya pedi aone jinsi maji yalivyonywewa. Kisha achukue pedi nyingine, abandue karatasi ya nyuma, aibandike kwenye chupi, akunje mabawa yake chini, aivae, atembee chumbani, akae, achuchumae, ajitazame kwenye kioo kutoka nyuma. Atajionea mwenyewe kwamba haionekani. Mwache afanye hivyo peke yake ukiwa chumba cha pili kama anaona haya. Mtoto aliyefanya hivi mara moja hatahangaika siku ya siku akiwa amejifungia chooni shuleni, mikono inatetemeka, hajui upande wa gundi unakaa juu au chini.

Hapohapo mweleze usafi. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, kwa sababu damu ikikaa nje ya mwili ndipo inapoanza kunuka. Yenyewe haina uchafu wowote. Anawe mikono kabla na baada. Iliyotumika aikunje, aifunge kwa karatasi, aitupe kwenye pipa la taka, si kwenye shimo la choo cha kuvuta maji maana huziba. Kama mnatumia vitambaa au pedi za kufua, aviloweke kwanza kwenye maji baridi, kwani maji ya moto hugandisha doa, kisha avifue kwa sabuni na avianike juani vikauke kabisa. Wasichana wengi huvificha vikiwa vibichi chini ya godoro kwa kuona aibu, na kitambaa kibichi huleta muwasho na maambukizi. Mpe kamba ya kuanikia kama nguo nyingine zote za nyumba hiyo. Uke hujisafisha wenyewe, aoshe sehemu za nje tu kwa maji safi, asiingize sabuni wala manukato ndani. Kuna tamponi na vikombe vya hedhi pia. Mwambie vipo, atavifikiria baadaye akitaka, na kwamba tamponi haikai mwilini zaidi ya saa 8.

Mwambie na hili, kwa sababu vitabu vingi vinataja siku 28 na mabinti wanajiona wana kasoro. Tunahesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Katika miaka 2 au 3 ya mwanzo, mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida. Anaweza kuiona mwezi huu, akaikosa mwezi ujao, ikaja tena baada ya wiki tatu. Sababu ni kwamba ovari bado hazijazoea kuachia yai kila mwezi. Damu yenyewe hukaa siku 2 hadi 7. Mpe kalenda ndogo au daftari awe anaweka alama. Itamsaidia yeye, na itamsaidia daktari kama siku moja atahitajika.

Sasa maumivu, swali lililonigusa kuliko yote kwenye barua yako. Usiwaambie kwamba haiumi. Wamekuona. Ukiwadanganya hapo, hawatakuamini hata kwenye yale uliyosema kweli. Waambie ukweli wote, maana ukweli wote unatisha kidogo kuliko nusu yake. Mfuko wa uzazi ni msuli. Wakati wa hedhi mwili hutengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini, ambazo huukaza huo msuli ili usukume ule utando nje. Kukaza huko ndiko chango. Wenye kemikali nyingi zaidi huumia zaidi, na wengine husikia kichefuchefu au kuharisha kwa sababu hizohizo. Wasichana wengi hawaumii hedhi zao za kwanza. Maumivu, kama yatakuja, mara nyingi huanza miezi kadhaa baadaye, mayai yanapoanza kutoka kila mwezi. Na yapo yanayosaidia: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa tumboni, kutembea na kufanya mazoezi mepesi, na dawa kama ibuprofeni, ambayo huzuia hizo prostaglandini zisitengenezwe na hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa maumivu yanapoanza kuliko yakishakolea. Mwulize mfamasia au daktari kipimo cha umri wake na uzito wake, anywe akiwa amekula, na usimpe aspirini mtoto huyo.

Lakini na wewe, mwanangu, nikuseme kidogo kwa mapenzi. Kulala umejikunja siku mbili kila mwezi, kutapika, miaka yote hii, si sehemu ya kuwa mwanamke. Chango linalomlaza mtu kitandani na kumwachisha kazi linastahili daktari. Linaweza kuwa na sababu inayotibika. Mojawapo ni endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake na kusababisha uvimbe na maumivu. Wanawake wengi hukaa nayo miaka mingi bila kujulikana kwa sababu waliambiwa tangu usichana wavumilie. Simaanishi kwamba unayo. Nasema nenda ukapimwe, na useme mbele ya daktari maneno yaleyale uliyoniandikia mimi: nalala, natapika, kila mwezi. Akikwambia ni kawaida tu bila kukupima, tafuta mwingine. Una sababu ya ziada ya kwenda: ugonjwa huo huonekana zaidi kwa wanawake ambao mama zao au dada zao wanao, kwa hiyo majibu yako ni habari za mabinti zako pia. Na waambie kwamba umekwenda. "Mama anaumia kuliko kawaida, ndiyo maana ameenda kwa daktari." Hapo wataelewa kwamba mwili ukiuma sana mtu hutafuta msaada, na kwamba wao si lazima waumie kama wewe.

Neno la dada yako kuhusu mimba. Lina ukweli, na binti yako anapaswa kuujua, tena kabla ya damu kuonekana. Yai hutoka kwenye ovari wiki 2 hivi kabla ya hedhi, kwa hiyo msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza. Anayesubiri damu ndipo aongee amechelewa. Ila lisiwe neno la kwanza wala neno pekee, na lisisemwe kwa vitisho. Wewe mwenyewe ni shahidi: uliambiwa ukicheza na wavulana, ukaogopa benchi. Hukuambiwa mimba inaingiaje, hivyo hukuwa na cha kujikingia zaidi ya hofu. Mweleze siku nyingine, si siku ileile ya pedi, kwa lugha iliyonyooka, kwamba mimba hutokana na tendo la ndoa, mbegu za mwanamume zinapokutana na yai. Mwambie kwamba hakuna mtu mzima wala kijana mwenye haki ya kumgusa sehemu zake za siri, awe ndugu, jirani au mwalimu, na kwamba akiguswa aje kwako saa yoyote, hutamgombeza wala hutamlaumu. Hili la mwisho lirudie. Msichana anayeogopa kugombezwa huficha.

Na akishavunja ungo, tafadhali mkataze kila mtu nyumbani kumwambia "sasa wewe ni mwanamke." Ni mtoto wa miaka 11 au 12 ambaye mwili wake umeanza kazi mpya. Bado anaruhusiwa kucheza, kupanda miti, kulialia na kukaa mapajani mwako. Nimesoma barua nyingi za wanawake waliosema kwamba siku ile walipata pedi na wakapoteza utoto wao, na inaniuma kila mara.

Kuna uwezekano mkubwa itamkuta shuleni. Mwandalie mfuko mdogo wa zipu ukae kwenye begi lake: pedi mbili, chupi safi, na mfuko wa kutilia iliyochafuka. Kama hana pedi karibu, karatasi laini za chooni zilizokunjwa nene au kitambaa safi kitamsogeza hadi apate msaada, na lile sweta lake atalifunga kiunoni. Mkubaliane ni mwalimu gani atamwendea, na afanye mazoezi ya kusema kwa sauti mbele yako, "Mwalimu, naomba ruhusa, nimeingia mwezini." Mara ya kwanza atacheka au atafunika uso. Mara ya tatu litatoka kawaida. Na siku atakayokuja kukwambia, ujue atakutazama usoni kabla hajasikia utakachosema. Acha ulichokuwa unafanya, mkumbatie, mwulize kama anahitaji kitu.

Mpeleke kwa daktari kama pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili na hali hiyo inaendelea kwa saa kadhaa, kama damu inapita siku 7, kama anasikia kizunguzungu au amepauka, kama hedhi ikishaanza inapotea zaidi ya miezi 3, au kama maumivu yanamzuia kwenda shule. Pia kama atafika miaka 15 bila kuiona, au miaka 3 ikipita tangu matiti yaanze. Na huyo mdogo, ukiona matiti yameanza kabla hajatimiza miaka 8, usingoje.

Kijana wako wa miaka 9 asikie, ndiyo. Mpe maelezo yaleyale uliyompa mdogo wake, hata siku ileile kama yuko karibu. Darasani kwake, mwaka mmoja au miwili kutoka sasa, kutakuwa na msichana mwenye doa kwenye sketi. Wavulana watakaomcheka ni wale ambao hawakuambiwa kitu nyumbani. Mfundishe la kufanya: asicheke, asimtangaze, amwambie mwalimu wa kike au ampe sweta ajifunge.

Baba yao usimlazimishe kutoa somo. Mpe kazi moja kwanza. Mwonyeshe kabati ambamo pedi zinakaa, na umwombe awe ananunua zikiisha, kama anavyonunua sabuni. Kisha mwambie wazi, mkiwa wawili, kwamba binti yake anamwona anapobadilisha chaneli, na kwamba siku ya hedhi yake ya kwanza inaweza kufika wewe ukiwa safarini au umelazwa, yeye akiwa peke yake nyumbani na watoto. Mwulize angependa binti yake afanye nini saa hiyo: amwendee baba yake, au ajifungie chumbani hadi mama arudi? Akishakujibu, mwambie mwezi huu akanunue pedi pamoja na binti yake, wachague wenyewe.

Shangazi